Jibu: Kukimbia kwa namba ya rafiki aliyeumia

Habari ndugu. Unauliza kama ni sawa kukimbia mbio za kilomita 21 pale Kololo, Kampala, ukivaa namba ya kifuani ya rafiki yako aliyeumia goti, maana ada ameshalipa.

Kwanza waulize waandaaji kama jina linabadilishwa. Wakikataa, acha.

Mimi niliwahi kufanya hivyo. Nilianguka kwa joto, wahudumu wakampigia mke wa mwenye namba, kwa kuwa simu yake ndiyo iliyokuwa kwenye fomu. Yule mama alilia njia nzima, kumbe mumewe yuko kazini mzima. Sijasahau sauti yake.

Tena chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda, huandika muda wako kwa jina na umri wake. Ukikimbia vizuri, unamnyang'anya mtu nafasi yake. Ada ikipotea, changianeni nusu kwa nusu.