Wawili tumehesabu viota, hesabu hazilingani. Tuandike ipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwongoza watalii upande wa Rubondo, Ziwa Victoria. Kuna kisiwa kidogo ambako ndege aina ya mnandi, mbizi na yangeyange hutaga juu ya miti. Juzi tulihesabu viota kutoka kwenye boti, mimi nikapata 80, mwenzangu 75. Tuandike ipi? Na je, tukishuka tukapita chini ya miti hatutapata hesabu ya kweli zaidi?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la kushuka, kwa sababu hapo ndipo ndege wanapofia. Msishuke. Achilia mbali kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hampaswi kukanyaga bila kibali, ndege hawa wakishtuka huruka kundi zima na kuacha mayai wazi. Kenge na furukombe hawahitaji muda mrefu. Kifaranga ambaye bado hajaota manyoya hawezi kulistahimili jua la mchana bila mzazi wa kumtilia kivuli, na aliyekua kidogo hutoka kiotani kwa woga akaanguka. Hakuna takwimu inayostahili gharama hiyo. Bakini kwenye boti, injini imezimwa, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mkiona ndege wameanza kusimama viotani na kunyoosha shingo, mmeshasogea mno. Rudini nyuma.

Sasa hesabu. Msiandike 80 wala 75, na wastani wake pia hautawasaidia, maana kila mmoja wenu ameruka viota fulani. Kinachotakiwa ni kujua mmeruka vingapi. Pigeni picha ya miti, mchapishe nakala mbili, kila mtu aweke alama kwenye kila kiota anachokiona kwa darubini, bila kunong'onezana. Kisha linganisheni. Tuseme viota mlivyoviona nyote wawili ni 60. Basi katika 75 vya mwenzako, wewe uliviona 60, yaani vinne katika kila vitano. Kama jicho lako hunasa vinne katika vitano, 80 zako zinatokana na viota kama 100. Fanya 80 mara 75, gawanya kwa 60, utafika palepale.

Fanyeni hivyo kwa kila aina peke yake. Yangeyange mweupe aliyeatamia huonekana kutoka mbali, lakini mnandi mweusi ndani ya majani hujificha hata kwa mwenye uzoefu. Mkiwachanganya, hesabu ya mnandi itapungua bila ninyi kujua. Na hata hiyo 100 ichukulieni kuwa kiwango cha chini, kwani kiota kilicho upande wa pili wa mti hakuna kati yenu aliyekiona. Zungukeni kisiwa chote kama maji yanaruhusu.

Kabla ya kuanza, kubalianeni nini ni kiota. Mimi huhesabu kile chenye ndege aliyeatamia, mayai au vifaranga. Kitupu nakiandika safu ya pembeni, kwa sababu majirani huiba vijiti vyake, na baada ya siku chache huenda kisiwepo.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hukosea: siku moja haitoshi. Yangeyange huatamia takriban siku 24, na jozi hazianzi pamoja. Wengine wanalea, wengine ndiyo kwanza wanaokota vijiti. Rudini kila baada ya siku 10 hadi 14 msimu mzima. Msijumlishe hesabu za safari zote, maana kiota kilekile mtakihesabu mara tatu. Chukueni safari iliyotoa idadi kubwa kuliko zote, kwa kila aina, mkaiandike kama idadi ya jozi zilizotaga. Msiizidishe kwa mbili na kuiita idadi ya ndege wa Rubondo: wale wachanga ambao bado hawajaanza kutaga hawakuwamo kwenye miti hiyo.