Picha hutundikwa, hubandikwa au hupangwa?

Swali: Tunaandaa maelezo ya ukumbi wa sanaa. Mhariri anataka "picha zimebandikwa tena", mimi niliandika "zimetundikwa upya", mwenzetu anasema "zimepangwa upya". Lipi sahihi?

Jibu: "Bandika" liondoeni kabisa. Kinachobandikwa hushikamana na mahali pake: stempu kwenye bahasha, plasta kwenye kidonda, tangazo ukutani. Picha ya rangi ya mafuta ukiibandika, siku ya kuibandua utaichana. Picha yenye fremu hutundikwa, au huangikwa.

Kati ya yaliyobaki, swali la kujiuliza ni hili: kilichobadilika ni nini? Picha ikishushwa ifutwe vumbi kisha ikarudi kwenye msumari ule ule, imetundikwa tena. Lakini Oktoba 2019, MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, yalipofunguliwa tena baada ya upanuzi, mchoro wa 1967 wa msanii Mmarekani Faith Ringgold uliwekwa chumba kimoja na Les Demoiselles d'Avignon, mchoro wa Picasso wa 1907. Hapo habari ni ujirani, wala si misumari. Kazi zilipanguliwa, zikapangwa upya. Tena "panga" linabeba na sanamu za kusimama sakafuni, ambazo hazitundikwi popote. Kwa hiyo, kama na kwenu kilichobadilika ni ujirani wa picha, mwenzenu yuko sahihi, na jina la matokeo ni "mpangilio mpya".

Kinyume cha kutundika ni "kutungua", neno safi kabisa. Ila siku hizi ndege za kivita hutunguliwa na makipa hutunguliwa, hivyo msomaji wa "picha zimetunguliwa" anaweza kushtuka. Kwenye maelezo ya umma andikeni "zimeshushwa".

Msichanganye pia "kutundikwa" na "kuning'inia". Kinachoning'inia huyumba. Picha kubwa yenye waya kwenye msumari mmoja huinama kila mlango unapofungwa kwa kishindo. Ndoano mbili zilizoachana huituliza.

Mafundi nao wanahitaji lugha isiyo na utata. "Tundika kwa sentimita 145" ni agizo bovu: 145 ya nini? Kumbi nyingi hukadiria usawa wa macho, yaani katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Msumari hukaa juu zaidi. Chukua 145, ongeza nusu ya urefu wa picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi waya ukiwa umevutwa. Kwa picha yenye urefu wa sentimita 80 kutoka juu hadi chini, ambayo waya wake uko 6 chini ya ukingo: 145 + 40 − 6 = 179. Fundi akipigilia msumari kwenye 145, picha itashuka sentimita 34 nzima, na ukuta utabaki na tundu la kuziba. Andikeni: "Katikati ya picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni, msumari upigiliwe kwenye 179."