Nani Humtuma Waziri Brussels?

Waziri wa nchi ya Umoja wa Ulaya akienda Brussels, husema anavyotaka mwenyewe? (Msomaji, Arusha)

Hathubutu, hasa akitoka Denmark. Kabla ya kikao cha Baraza la Mawaziri la Umoja huo hupita kwanza mbele ya Kamati ya Ulaya ya bunge lao, kwa kawaida siku ya Ijumaa, akaeleza msimamo anaokwenda kuutetea. Mwenyekiti hahesabu vichwa vilivyomo chumbani. Kila chama kina uzito wa viti vyake bungeni. Waziri hahitaji kuungwa mkono na wengi, mradi tu wasiwepo wengi wa kumpinga. Hapo ndipo zinaponea serikali zao, kwani mara nyingi hutawala bila kuwa na wabunge wa kutosha. Mazungumzo yakigeuka njiani, anarudi kuomba ruhusa upya.

Na Ufaransa je?

Bunge la huko halina meno kiasi hicho. Kazi hufanywa na sekretarieti iliyo chini ya Waziri Mkuu, SGAE, iliyoanzishwa 1948 kwa jina jingine ili kusimamia fedha za Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita. Wizara ya Kilimo wakitaka hivi na ya Mazingira vile, wanaitwa mezani. Wakishindwana, suala linapanda ofisi ya Waziri Mkuu, kisha maagizo yanatumwa Brussels. Ubabe kidogo, kwa maoni yangu, ila ugomvi unabaki Paris.

Mbona Ujerumani, pamoja na ukubwa wake, kila mara tunasikia imejizuia kupiga kura? (Msomaji, Mombasa)

Ni serikali za mseto hizo. Kila waziri ana mamlaka juu ya wizara yake, na vyama visipoafikiana, balozi wao wa Brussels huagizwa asiegemee upande wowote. Mapema 2024 ilitokea hivyo kwenye sheria ya kuzibana kampuni kubwa kuhusu haki za binadamu na mazingira kwa wanaoziuzia bidhaa: katika mseto wa wakati huo, vyama vya SPD na Kijani viliitaka, chama cha FDP kikagoma. Na kujizuia si kukaa pembeni. Sheria nyingi hupita kwa asilimia 55 ya nchi, yaani 15 kati ya 27, zenye asilimia 65 ya watu. Asiyepiga kura hahesabiwi kwenye ndiyo, na Ujerumani ina karibu moja ya tano ya watu wote. Mabalozi wa nchi wanachama walikuja kuikubali sheria hiyo Machi, ikiwa imepunguzwa makali.

Maua yetu yanauzwa Uholanzi. Mbona Kenya ilitia saini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, si na Uholanzi? (Msomaji, Naivasha)

Ushuru wa forodha si wa Uholanzi kuupanga peke yake. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ndiyo hujadiliana, kwa idhini ya nchi wanachama. Mkataba wenu ulisainiwa Nairobi Desemba 2023, ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Lakini mwenye hoja asisubiri Brussels. Mjumbe wa Uholanzi hufika kikaoni na maagizo yaliyokwisha kuandikwa The Hague, mji wenye makao ya serikali yao. Tume ikitoa pendekezo jipya, wizara za huko huandaa waraka mfupi wa msimamo na kuupeleka bungeni, nao uko wazi kwa yeyote kuusoma. Ni wa Kiholanzi, basi tafuteni mfasiri mapema.