Kabla ya kushauri kampuni ya kompyuta inunue kampuni ya teknolojia

Mgeni katika kazi hii hukimbilia bei. Anza na hili: kinachonunuliwa kitaingia kwenye mashine ipi, na nani atakayekiingiza?

Mwaka 2008 Apple iliinunua P.A. Semi, kampuni ndogo ya kubuni chipu, kwa takriban dola milioni 278. Mali yenyewe ilikuwa wahandisi wapatao 150. Chipu ya A4 ikatoka 2010. Mac zikangoja chipu ya M1 hadi 2020. Kwa hiyo makadirio yanayoonyesha faida mwaka wa pili yatilie shaka. Na hata hapo watu walivuja: baadhi yao walianzisha kampuni yao, Agnilux, ikanunuliwa na Google mwaka 2010. Ndiyo maana orodha ya wahandisi muhimu, kwa majina, huandaliwa kabla ya kusaini, na malipo ya kuwabakiza hugawanywa kwa miaka kadhaa. Ukiwalipa yote siku ya kwanza, umewapa nauli ya kuondokea.

HP ilifanya kinyume. Ilichukua Palm, kampuni ya simu, mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 ili ipate webOS, mfumo wa kuendesha simu na tableti. Dili lilikamilika Julai. Agosti mkurugenzi mkuu wa HP, aliyekuwepo dili lilipofanywa, akaondoka. Tableti ya TouchPad iliingia sokoni Julai 2011 ikiwa na programu chache, na mwezi uliofuata ikasitishwa. Mfumo haukuwa mbovu, ila ulikosa mwenyewe. Agosti hiyohiyo HP ikatangaza kuinunua Autonomy, kampuni ya programu, kwa zaidi ya dola bilioni 10, na mwaka 2012 ikafuta dola bilioni 8.8 vitabuni. Katika mizania, pima ile ziada inayolipwa juu ya thamani ya mali zinazotambulika. Ndiyo hufutwa kwanza mambo yakiharibika.

Lenovo, iliponunua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005, iliacha jina la kompyuta za ThinkPad na wabunifu wake wa Yamato, Japani, waendelee na kazi. Ununuzi wa namna hiyo naukubali hata ukiwa mkubwa.

Kwa hataza, yaani haki za uvumbuzi, angalia zimesajiliwa kwa jina la nani. Soma pia kila leseni, ukitafuta kifungu kinachoisitisha leseni hiyo iwapo kampuni itabadilisha mmiliki. Kikiwepo, idhini ya mtoa leseni ipatikane kwa maandishi kabla fedha hazijatoka.