Rangi ya midomo ya majimaji ya bei ghali: nilichokiona kwa kuitumia

Dada, unapojiandaa kwa sherehe yako umeuliza mambo mawili: kama rangi ya midomo ya majimaji kutoka kampuni zenye jina kubwa inastahili bei yake, na kwa nini hiyo ya bei nafuu unayoitumia sasa hukatika katikati ya midomo kila unapomaliza kula, ikabaki mzingo wa pembeni tu. Nitayajibu pamoja, kwa sababu jibu la swali la pili ndilo linalofungua la kwanza. Nimetumia za bei zote kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni kwamba fedha ya ziada hainunui saa za rangi kukaa mdomoni. Inanunua vitu vingine, baadhi yake vya maana sana, na vingine vya kupendezesha meza ya kujipodolea.

Kinachoamua rangi itakaa kwa muda gani ni aina yake. Ipo aina inayokauka kabisa, ambayo ndani yake rangi huchanganywa na resini ya silikoni iliyoyeyushwa katika kiowevu chepesi kiitwacho isododekani. Ukishapaka, isododekani hupaa hewani kwa muda mfupi, na resini hubaki juu ya midomo ikiwa utando mwembamba ulioshikilia rangi. Ipo nyingine isiyokauka hadi mwisho, ambayo hubaki laini ikiguswa na kuonekana kama mahameli. Lip Maestro ya Giorgio Armani, iliyotoka mwaka 2012, ni mojawapo ya zinazotajwa sana katika kundi hilo. Kisha zipo zinazong'aa na kuacha doa la rangi kwenye ngozi hata mng'ao ukishaondoka, kama Vernis à Lèvres ya Yves Saint Laurent, nayo ya mwaka huohuo. Mtu anayelinganisha ya ghali ya aina ya pili na ya rahisi ya aina ya kwanza, kisha akalalamika kwamba ya ghali imeachwa kikombeni, analinganisha vitu viwili ambavyo havikutengenezwa kwa kazi moja.

Tena ni vyema kujua kwamba majina hayo hayako mbalimbali kama yanavyoonekana madukani. Kampuni ya Kifaransa ya L'Oréal ndiyo inayotengeneza vipodozi vya Armani, iliinunua Yves Saint Laurent upande wa vipodozi mwaka 2008, na ndiyo hiyohiyo inayomiliki chapa za bei nafuu: Maybelline tangu 1996 na NYX tangu 2014. Sisemi kwamba ndani ya vichupa vyote mna kitu kimoja, la hasha. Nasema usome orodha ya viambato kabla ya kusoma bei. Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa hadi kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo, na rangi zenyewe, ambazo huwekwa mwishoni. Ukiona isododekani imetangulia na silikoni zinafuata, hiyo ni aina inayokauka, iwe imefungwa kwenye boksi la dhahabu au kwenye plastiki nyepesi.

Sasa nije kwenye tofauti niliyoiona kwa macho. Kichupa cha ghali nilichokitumia zaidi kilikuwa cha aina inayokauka, chekundu kilichokolea kinachoelekea damu ya mzee, na tofauti ilianzia kwenye kijiti. Unapokivuta, mpira mdogo ulio shingoni mwa kichupa hukipangusa, na kilitoka kimebeba rangi ya kutosha midomo yote miwili bila tone kuning'inia nchani. Kijiti chenyewe kilikuwa kimekatwa mshazari, kimevikwa manyoya mafupi yaliyosimama sawasawa, na katikati kina kibonyeo kinachohifadhi akiba ya rangi, kiasi kwamba niliweza kuchora ukingo wa mdomo wa juu, pamoja na kile kibonde cha katikati, bila penseli. Katika vile vya bei nafuu nilivyonavyo, mpira huo huwa umelegea. Kijiti hutoka kimelowa hadi shinani, mtu akapaka nyingi bila kukusudia, na unene huo ndio chanzo cha taabu inayofuata.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni ulingano wa rangi. Mdomo wangu wa juu ni mweusi kuliko wa chini, kama ulivyo kwa watu wengi, na upande wa ndani wa mdomo wa chini una waridi. Rangi isiyosagwa vizuri huacha vivuli hivyo vitatu vionekane, ukalazimika kuongeza tabaka la pili na la tatu ili kuvifunika. Ile ya ghali ilivifunika kwa tabaka moja jembamba, na midomo yote miwili ikawa ya rangi moja. Hata hivyo usitarajie muujiza kwenye rangi hafifu za waridi na kahawia nyepesi: hizo hupata wepesi wake kwa kuongezewa titani dioksidi, ambayo ni nyeupe, na kwenye midomo yenye weusi hufanya mtu aonekane kama aliyelamba majivu, bei iwe iwayo. Kwa rangi za namna hiyo, tafuta zenye wekundu au udongo ndani yake.

Nirudi kwenye kukatika. Utando wa silikoni haujali maji, ndiyo maana unaweza kunywa maji bila kuacha alama, lakini mafuta huulainisha na kuubandua. Chakula chenye mafuta kidogo tu kinatosha. Juu ya hayo, sehemu ya ndani ya midomo, pale ngozi kavu inapokutana na ile yenye mate, haishiki utando huo vizuri tangu mwanzo, na ndipo mahali panaposuguliwa na kijiko, ulimi na meno. Ya ghali niliyoitumia nayo ilikatika palepale. Ilichozidi ni kwamba ilikatika kwa kufifia taratibu, bila kutoa vipande vidogo vinavyobaki kwenye meno, na naamini hilo lilitokana na wembamba wa tabaka zaidi ya siri yoyote ya maabara. Ngozi ya midomo haina tezi za jasho, tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la uso, nayo hujikunja kila neno linapotamkwa. Utando mnene juu yake lazima upasuke.

Basi, hiyo uliyonayo ipake hivi kabla hujaitupa. Kama umepaka mafuta ya mgando au balmu, ipanguse yote kwa tishu, kwa kuwa utando haushiki juu ya mafuta. Pangusa kijiti kwenye shingo ya kichupa, anzia katikati ya mdomo wa chini, tandaza kuelekea pembeni, na usiingize rangi hadi kwenye mate. Acha midomo wazi kidogo mpaka ikauke. Wengi huibananisha wakati bado inanata, na wanapoitenganisha rangi hung'oka hapohapo. Ikishakatika baada ya chakula usiongeze juu yake, kwa maana kiowevu cha tabaka jipya hulainisha la zamani na yote mawili yanafanya mabonge. Itoe yote kwa mafuta au kiondoa vipodozi chenye mafuta, ukiyaacha yakae kidogo kabla ya kupangusa, kisha osha, kausha na uanze upya. Ni kazi, sikatai, na ni sababu moja ya mimi kutoipenda aina hii kwa siku ya kawaida.

Kuhusu ubaya wa zile za ghali, ninao mmoja: manukato. Nyingi hutiwa harufu ili zionekane za fahari, na kwa mwenye midomo inayochubuka haraka, harufu hiyo haina faida yoyote ila kumwasha. Moja niliyojaribu ilinichonyota mpaka nikaigawa. Ikiwa ngozi yako ni nyepesi kudhurika, paka kidogo kwenye ngozi ya ndani ya mkono, uache kwa siku moja au mbili, ndipo uipeleke mdomoni. Anayejiepusha na vitu vya wanyama naye aangalie namba CI 75470, ambayo ni karmini, rangi nyekundu inayotolewa kwa wadudu wa kochinili. Imo katika rangi za ghali na za rahisi vilevile.

Ukienda kuijaribu dukani, usiguse midomo yako kwa kijiti cha majaribio kilichokwisha kugusa midomo ya watu wengine. Watu huipaka mgongoni mwa kiganja, lakini ngozi ya hapo haifanani na midomo. Ncha ya kidole, upande wa ndani, hukaribia zaidi. Isubiri ikauke kabisa, kwa sababu rangi nyingi hukolea zikikauka, kisha itazame karibu na dirisha au nje ya duka. Baadaye kunja kidole mara kadhaa uone kama inapasuka kwenye mikunjo. Ikipasuka kidoleni, mdomoni haitakuwa na subira zaidi. Na kabla ya kulipa, tafuta ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M, inayoonyesha miezi ya kuitumia tangu kufunguliwa. Aina inayokauka huzidi kuwa nzito kila kifuniko kinapolegezwa, maana isododekani inaendelea kupaa.

Kwa sherehe hiyo uliyoitaja, yenye picha nyingi na chakula katikati, ningekushauri ununue ya ghali moja tu, iliyokolea, ya aina inayokauka, kwa ajili ya kijiti chake na ulingano wa rangi kwenye picha, na ubebe tishu na mafuta kidogo ya kuitolea baada ya kula. Kwa kazini kila siku endelea na hiyo uliyonayo, ila tabaka liwe moja.