Maswali ya Wasomaji: Kauli za Waonjaji wa Divai za Ureno

SWALI: Mhariri, nimesoma tathmini za divai mbili za Porto. Ya kwanza mwonjaji kaandika "forosadi mbivu, chokoleti nyeusi, karafuu". Ya pili kaandika "jozi, karameli, ganda la chungwa lililokauka". Zote ni za bonde la Douro, zote za zabibu nyeusi. Inakuwaje zisifanane hata kidogo? Na mbona ya kwanza ameilaumu kuwa ina "moto"?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo haikuanzia shambani. Imeanzia kwenye pipa.

Divai zote mbili huzaliwa kwa njia moja. Zabibu hukanyagwa kwa miguu ndani ya lagares, yaani mabirika mapana ya mawe yenye kina kifupi, au husagwa na mashine inayoiga mguu wa mtu. Kazi hiyo ina haraka, kwa sababu mtengenezaji ana siku mbili tatu tu za kutoa rangi na ukakasi kwenye maganda. Hamira ikishakula takriban nusu ya sukari, juisi huchanganywa na aguardente, pombe kali ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Kipimo cha kawaida ni lita 115 za aguardente kwa lita 435 za juisi. Hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki, na divai huishia na nguvu ya asilimia 19 hadi 22.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Ruby, aina ya hiyo divai yako ya kwanza, huwekwa kwenye matangi makubwa, ya mbao au ya chuma, ambamo hewa haiipati kirahisi, kisha hutiwa chupani ingali changa. Ndiyo maana tunda bado lipo: forosadi, plamu, cheri nyeusi. Tawny, aina ya hiyo ya pili, huwekwa kwenye mapipa ya lita 550 hivi, tena makuukuu, yaliyokwisha kupoteza ladha ya mbao. Pipa la namna hiyo halitiwi divai ili liipe harufu yake, bali ili lipitishe hewa kidogo kidogo kwa miaka. Rangi hushuka chini na mashapo, nyekundu hugeuka kahawia, maji na pombe hupungua kwa mvuke, na sukari na uchachu hukolea. Ukisoma "jozi", "lozi" au "tini kavu", mwonjaji anakueleza habari za hewa. Ukisoma "forosadi", anakueleza kwamba hewa ilizuiwa.

Namba 10, 20, 30 na 40 kwenye tawny si umri wa kila tone lililomo. Ni mchanganyiko wa miaka mbalimbali, na waonjaji wa taasisi inayosimamia divai za Douro na Porto lazima wakubali kwamba una tabia ya umri huo. Ukitaka mavuno ya mwaka mmoja yaliyolelewa kwenye pipa, tafuta neno Colheita. Sheria inaidai miaka 7 ya pipa isipungue. Kwa upande wetu, tawny ya miaka 20 ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote, maana tunda halijatoweka na jozi imeshaingia. Ya miaka 40 ni ya kunusa taratibu, kijiko kwa kijiko.

Kuhusu moto, yaani pombe inayochoma kooni: zaidi ya sehemu moja kwa tano ya ujazo wa divai hii ni aguardente, kwa hiyo ubora wa aguardente unaonekana waziwazi. Katika divai changa bado haijashikamana na tunda, na koo huisikia peke yake. Lakini kabla hujakubaliana na mwonjaji, pima joto la glasi yako. Divai ya Porto ikipita nyuzi 20, pombe hupanda puani na kufunika kila kitu. Ruby inywe kwenye nyuzi 16 hivi, tawny kwenye 12 hadi 14.

SWALI: Nina chupa ya Vintage, Porto ya mavuno ya mwaka mmoja, ya mwaka 2011. Mwonjaji mmoja aliisifu sana ilipotoka, mwingine baadaye akasema "imefunga". Je, imeharibika? Nayo mashapo yake nifanyeje?

JIBU: Haijaharibika. Vintage hutiwa chupani kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno, bila kuchujwa, ikiwa imebeba rangi na ukakasi wote wa maganda. Miaka ya mwanzo tunda linapiga kelele, na waonjaji wengi huandika kauli zao wakati huo. Baadaye harufu hujificha, ukakasi unabaki mbele, na divai inakaa kimya kwa miaka kadhaa kabla ya kufunguka tena. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kila moja kwa wakati wake. Mwaka 2011 ni miongoni mwa miaka iliyosifiwa mno Douro, na divai zake zimeumbwa kukaa miongo. Ukiwa nayo moja tu, iache ilale.

Siku ya kuifungua, isimamishe wima saa 24 kabla ili mashapo yashuke. Vuta kizibo polepole. Kwenye chupa za zamani hukatika, basi tumia kifungulio cha makali mawili kinachopita pembeni mwa kizibo badala ya kukitoboa. Weka mshumaa au tochi nyuma ya shingo ya chupa, kisha mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiotetemeka, bila kuirudisha chupa wima katikati ya kazi. Ukiona uzi mweusi unakaribia shingo, simama hapohapo. Kosa la wengi ni kusita: wanamimina, wanasimama, wanamimina tena, na kila wakisita wimbi dogo linarudi chini na kuyatibua mashapo. Changa ipe saa mbili tatu jagini. Kuukuu sana ipe nusu saa, pengine isifike, kwa sababu harufu yake huruka upesi.

Ikishafunguliwa, Vintage imalize ndani ya siku mbili tatu. LBV (Late Bottled Vintage), Porto ya mavuno ya mwaka mmoja ambayo hutiwa chupani kati ya mwaka wa nne na wa sita, huvumilia takriban juma moja. Tawny hukaa majuma kadhaa bila kuyumba, kwa kuwa hewa haina jipya la kuifanyia.

SWALI: Nimenunua Madeira, divai ya kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, kwa sababu ya tathmini iliyosema "uchachu kama wembe, vanishi kidogo, moshi, uwatu". Nilipoinusa nikadhani ni siki. Niirudishe dukani?

JIBU: Usiirudishe bado. Maneno yote manne yana asili yake, na yote yanaweza kuwa sifa.

Uchachu unatoka kisiwani kwenyewe. Zabibu za Madeira huota kwenye udongo wa volkano katikati ya bahari, na huvunwa zikiwa na sukari ndogo na ukali mwingi. Kati ya aina za zabibu zake, Sercial ndiyo kavu kuliko zote, ikifuatiwa na Verdelho, kisha Boal, na Malvasia ndiyo tamu zaidi. Hata hiyo Malvasia haichoshi mdomo, kwa kuwa uchachu unaikata sukari.

Moshi na uwatu ni kazi ya joto. Divai nyingi za kawaida huwekwa kwenye matangi na kupashwa moto wa nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu. Njia hiyo huitwa estufagem. Zilizo bora hupandishwa darini kwenye mapipa, jua likazipika polepole kwa miaka, na hiyo ndiyo canteiro. Joto, sukari na hewa vikikutana, huzalisha kitu kiitwacho sotoloni, ambacho ndicho hicho hicho kinachoipa uwatu harufu yake. Waonjaji wengine huandika "bizari" au "sukari iliyoungua". Wananusa jambo moja.

Vanishi ndilo neno linalohitaji uangalifu. Divai ikikaa muda mrefu pipani, maji hupungua na asidi zote hukolea, pamoja na asidi ya siki na mvuke wenye harufu ya rangi ya kucha. Kiasi kidogo huinua harufu nyingine zote puani, nasi tunakipenda. Pima hivi: mimina kidogo, iache dakika 20, nusa tena. Kama vanishi imerudi nyuma na karameli, jozi na ganda la chungwa vimejitokeza, divai ni nzima. Kama siki imezidi na inachoma koo hata baada ya kumeza, hapo una haki ya kulalamika. Katika Madeira changa ya bei ya chini, vanishi yoyote inayoonekana wazi ni kasoro, kwa maana hakuna miaka ya pipa ya kuielezea.

Chupa ya Madeira iwekwe wima, si kulazwa, ili divai isikile kizibo. Ikifunguliwa hudumu miezi mingi.

SWALI: Vinho Verde ina mapovu madogo. Ni dalili ya kuchacha upya? Na "verde" ni kijani cha nini?

JIBU: Hapana. Zamani mapovu yalitokana na uchachu wa divai kubadilika ikiwa tayari chupani. Siku hizi watengenezaji wengi huongeza hewa ukaa kidogo wakati wa kuijaza. Vinho Verde ni jina la eneo la divai la kaskazini magharibi mwa Ureno, wala "verde" si rangi ya divai yenyewe, kwani ipo hata nyekundu nzito ya zabibu ya Vinhão. Mwonjaji akiandika "ndimu, tufaha bichi, nyepesi", inywe mapema, kwenye nyuzi 8 hadi 10. Akiandika "Alvarinho, Monção e Melgaço, uzito mdomoni", yaani zabibu ya Alvarinho kutoka sehemu hiyo ya eneo la Vinho Verde, hiyo ni divai nyingine kabisa. Inaweza kukaa miaka kadhaa, na baridi kali itaifunga. Ipandishe hadi nyuzi 11.

SWALI: Divai nyekundu za mezani za Ureno zinanichanganya. Moja imeandikwa Tinta Roriz, nyingine Aragonez, na tathmini zinazungumzia "urujuani" hapa na "chai iliyokolea" kule.

JIBU: Tinta Roriz na Aragonez ni zabibu moja, ile Wahispania waiitayo Tempranillo. Maeneo ya Douro na Dão hutumia jina la kwanza, eneo la Alentejo la pili. Vivyo hivyo kwa nyeupe: zabibu iitwayo Maria Gomes katika eneo la Bairrada ndiyo Fernão Pires ya kwingineko.

"Urujuani" na "bergamoti" ni alama za zabibu ya Touriga Nacional. Kwenye udongo wa graniti wa Dão, harufu hizo huja safi, na divai huwa na mwili mwembamba. Kwenye mawe ya shisti na joto la Douro, huja pamoja na tunda jeusi na uzito.

"Chai iliyokolea" karibu daima ni zabibu ya Baga ya Bairrada. Punje zake ni ndogo, kwa hiyo maganda ni mengi kwa juisi chache, na huchelewa kuiva mpaka mvua za vuli zinapokaribia. Mwaka wa mvua, mkulima akivuna mapema kuikimbia, ukakasi huwa mbichi na unakausha ulimi. Mwaka mzuri, ukakasi ni uleule lakini umeiva, na baada ya miaka 10 divai hunukia majani makavu na cheri. Anayeikataa Baga changa bila chakula hajaitendea haki. Bairrada kwenyewe huinywa na nyama ya mafuta, hasa nguruwe mchanga wa kuoka, kwa sababu mafuta na protini hulainisha ukakasi.

Alentejo ndiko kwenye jua. Alicante Bouschet, zabibu ambayo hata nyama yake ni nyekundu, huipa divai rangi kama wino. Ukisoma "laini, mbivu, rahisi kunywa", usidhani ni tusi.

SWALI: Mwonjaji mmoja ametoa 17 kwa 20, mwingine 92 kwa 100. Nani ameipenda zaidi?

JIBU: Huwezi kuzigeuza kwa hesabu. Mizani ya 100 kwa desturi huanzia 50, na divai nyingi zinazoandikwa huangukia kati ya 85 na 95. Katika mizani ya 20, 17 ni alama nzuri sana, ingawa kwa hesabu ni 85 tu. Soma maneno, na mlinganishe mwonjaji na yeye mwenyewe.

SWALI: Tutakuwa watu sita, tunataka kuonja divai sita za Ureno jioni moja. Tupange vipi?

JIBU: Chupa moja ya kila aina inatosha, mililita 50 kwa mtu, na salio lirudiwe wakati wa chakula. Anzeni na Vinho Verde, kisha nyeupe ya zabibu ya Encruzado kutoka Dão, nyekundu ya Dão, halafu Baga. Za kuongezwa pombe zije mwisho, LBV kabla ya tawny, kwa kuwa sukari ikishakaa ulimini divai kavu zote zitaonekana chungu. Kila mtu awe na maji na chombo cha kutemea, maana glasi ya Porto ina pombe takriban mara moja na nusu ya glasi hiyohiyo ya divai ya mezani.

Nuseni zote kabla ya kumimina. Harufu ya karatasi iliyoloa au ghala lenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo, na hewa haiuponyi. Wekeni chupa hiyo kando. Harufu ya kiberiti kilichowashwa huondoka yenyewe baada ya kuzungusha glasi dakika chache. Kila mmoja aandike kauli zake kabla ya yeyote kusema, kisha ndipo msome tathmini za waonjaji.