Taya la mtoto linapovimba na meno mazima kulegea

Dada yangu, umeandika kwamba mtoto wako wa miaka sita ana uvimbe wa taya kwa wiki tatu sasa, kwamba meno mawili ya upande huo yalilegea yakang'olewa, na kwamba uvimbe unazidi ingawa amemaliza dozi mbili za antibayotiki. Mimi si daktari, ni mzazi wa Arua, Uganda, ambaye mwanawe alipita njia hiyo hiyo, na ninakusihi usikubali jino la tatu ling'olewe kabla uvimbe wenyewe haujapimwa.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Katika zahanati moja tuliambiwa ni jipu la jino, akang'olewa jino ambalo, nilipolitazama kiganjani, halikuwa na tundu hata moja. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Kwa kawaida jino huoza na kuuma kwanza, ndipo taya huvimba. Kwake taya lilitangulia, kisha meno mazima yakaanza kucheza ndani ya ufizi, bila usaha. Siku kumi baadaye jicho la upande uleule lilianza kusukumwa nje, na muuguzi mmoja mzee, alipomwona tu, akatuandikia barua ya rufaa kwa kushuku limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga za mwili.

Saratani hii ni adimu katika sehemu nyingi za dunia, lakini kwetu ina historia ndefu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuifuatilia mwaka 1957 baada ya kuonyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote, akaiandika mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali kwa hospitali, pamoja na wenzake wawili, mmoja wao akiwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa karibu na Arua. Waligundua kwamba ugonjwa hufuata maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria ya kudumu. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Watoto wengi mno hubeba kirusi hicho bila kuugua, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie kwamba ni uchawi au ni uzembe wako.

Kipimo kinachotoa jibu ni kuchukua kipande kidogo cha uvimbe, au kuvuta seli zake kwa sindano, na kuzitazama kwa hadubini, ambapo wataalamu huona sura inayofanana na anga lenye nyota. Omba kifanyike haraka, kwa maana seli hizi huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Sisi tulikwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, ingawa kwa watu wa kaskazini hospitali ya Lacor, Gulu, iko karibu zaidi na huutibu ugonjwa huu.

Tiba yenyewe si kisu, ni dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Kabla ya dozi ya kwanza alitundikiwa maji mengi na mkojo wake ukapimwa, kwa sababu seli zinapokufa nyingi kwa pamoja taka zake huweza kuziba figo. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umepungua nusu, na wiki ya pili uso ulirudi kama zamani. Jamaa zangu wakataka turudi nyumbani, nauli na chakula vikiwa vimetuishia, nami nilikaribia kukubali. Daktari alinieleza kwamba seli zilizojificha, hasa kwenye maji ya uti wa mgongo, zingeurudisha ugonjwa ukiwa mkali zaidi. Ndiyo maana baadhi ya dawa alichomwa mgongoni. Tukakaa mpaka mzunguko wa mwisho wa dawa, na leo yuko darasa la sita.

Ukifika huko, ulizia pia ultrasaundi ya tumbo, hata kama mtoto halalamiki. Mwanangu alikuwa na uvimbe mwingine kwenye figo, nasi sote tulikuwa tukitazama taya tu.